Uzi, Riwaya na Jioni Isiyouzwa

Swali la wiki hii lilitutaka wasomaji tueleze ni burudani gani ya nyumbani inayotutuliza baada ya kazi, na kama burudani hiyo ina faida yoyote. Sehemu ya kwanza naijibu kwa maneno machache: kwangu ni kufuma kwa nyuzi na kusoma riwaya, na mara nyingi mambo hayo mawili hufanyika jioni moja katika chumba kimoja. Sehemu ya pili ndiyo inayonifanya niandike kwa kirefu, kwa sababu naona neno "faida" limeanza kutunyang'anya starehe ambazo hazikuwa zikimdai mtu chochote, na ningependa kuyatetea mambo yanayofanywa kwa kuwa yanapendwa, basi.

Ninaishi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya Juni na Julai haina mzaha na mtu. Wageni watokao Dar es Salaam hushangaa kuona watu wamevaa makoti saa sita mchana. Jua likishazama milango hufungwa mapema, na kuanzia saa moja usiku kila nyumba huhitaji kitu cha kuwakalisha watu pamoja mpaka wakati wa kulala. (Niseme hapa, kwa kuwa kila mwaka jambo hili hunitia hofu: jiko la mkaa lisiingizwe katika chumba kilichofungwa madirisha, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini. Blanketi na sweta zuri vinatosha.) Nyumbani kwetu kinachotukalisha ni kapu la nyuzi na kitabu.

Aliyenifundisha kufuma kwa sindano mbili ni mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye. Sindano zake ni za zamani, zenye namba za Kiingereza ambazo kadiri zinavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba: namba 8 ni milimita 4, na namba 10 ni milimita 3.25. Wamarekani nao wana namba zao, na kwao namba 8 ni milimita 5, kwa hiyo anayefuata maelekezo ya kwenye intaneti bila kuangalia yameandikwa wapi anaweza kumfumia mtoto sweta likamtosha kaka yake mkubwa. Ndiyo sababu Mama haanzi kazi yoyote bila kufuma kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 kwa 10 na kuhesabu vitanzi vyake. Vijana wengi huona kipande hicho ni kupoteza muda, ilhali ndicho kinachomwambia mfumaji kama mkono wake unakaza uzi au unaulegeza, na mkono wa kila mtu una tabia yake.

Nyuzi zetu nyingi hatununui dukani. Zinatoka kwenye masweta ya mtumba, na kazi ya kuyafumua ni mojawapo ya sehemu ninazozipenda zaidi katika shughuli nzima. Sweta la kufumuliwa huchaguliwa kwa kuligeuza ndani nje na kutazama mishono ya ubavuni. Ikiwa vipande vya mbele na nyuma vina kingo zake kamili na vimeunganishwa kwa uzi tu, sweta hilo litafumuka kwa uzi mrefu usiokatika. Ikiwa kingo zimekatwa kwa mkasi na kufungwa kwa ovaloki, liache hapo hapo, maana kila mstari utatoka kivyake na utabaki na rundo la vipande visivyofaa kitu. Sweta likishapatikana, mikono hutolewa kwanza, kisha mishono ya ubavu, na kila kipande huanza kufumuliwa upande alikomalizia mfumaji wa kwanza. Ukianzia upande alikoanzia yeye, uzi hugoma.

Uzi unaotoka huwa umejikunjakunja kama tambi, kwa kuwa umekaa miaka katika umbo la vitanzi. Mama huuzungusha kwenye mgongo wa kiti, huufunga sehemu nne kwa vipande vya uzi wa rangi nyingine ili usijitatize, huuloweka katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha huuanika ukiwa umening'inizwa kitu kizito kwa chini. Ukikauka, mikunjo mingi huwa imenyooka. Sufu haitaki maji ya moto wala kusuguliwa, kwani nywele zake zina magamba madogo sana ambayo hushikana yakichokozwa, na hapo ndipo sweta la mtu mzima linapogeuka la mtoto. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani, haina tatizo hilo, lakini pasi ya moto huiharibu moja kwa moja: kitambaa hulala, hupoteza mnepo, na hakirudi tena. Mtu akishayajua haya anaweza kuingia soko la mitumba na fedha kidogo akatoka na sufu safi ambayo dukani asingeimudu.

Sasa nije kwenye riwaya. Macho ya Mama hayasomi tena maandishi madogo, ingawa vidole vyake vinavitambua vitanzi hata taa ikizimika. Mimi nasoma kwa sauti, yeye anafuma, na mume wangu hukunja madonge ya uzi au hukaa tu akisikiliza. Ninapochoka koo tunabadilishana: binti yetu husoma, nami hushika sindano. Kwa uzoefu wetu hakuna burudani nyingine ya kisasa inayopatana na kufuma vizuri hivi. Simu inataka macho na vidole kwa pamoja, na televisheni inataka macho. Mfumaji anayeinua uso kila mara hupoteza hesabu. Riwaya inayosomwa kwa sauti inachukua masikio peke yake na kuiacha mikono huru, na kwa kuwa ni ndefu, inalingana na kazi ambayo nayo haiishi kwa usiku mmoja.

Wala si jambo tulilolibuni sisi. Katika viwanda vya Havana, nchini Cuba, ambako majani ya tumbaku huviringwa kwa mkono kuwa sigara kubwa, wafanyakazi walianzisha mwaka 1865 desturi ya kuwa na msomaji anayekaa mahali pa juu na kuwasomea kwa sauti wakati wakifanya kazi, wakimlipa kwa kuchanga kutoka katika mishahara yao. Asubuhi alisoma magazeti, kisha riwaya. Aina moja maarufu ya sigara hizo, Montecristo, ilipata jina lake kutokana na riwaya ya Alexandre Dumas waliyoipenda. Watu wale walikuwa vibarua wa ujira mdogo, na wengi wao hawakujua kusoma, lakini waliona inafaa kutoa sehemu ya ujira huo ili mikono yao isifanye kazi katika ukimya. Kila nikiwafikiria napata moyo, kwa sababu wanaonyesha kwamba riwaya haikuwa kamwe mali ya wasomi na watu wenye nafasi.

Si kila riwaya inafaa kusomwa hivyo. Zile zenye mawazo mazito yaliyofumbwa nazisoma peke yangu, kimya, alfajiri, kwa sababu zinanilazimu kurudi nyuma kila baada ya ukurasa. Kwa jioni ya kufuma hakuna kilichotufaa kuliko hadithi za upelelezi, na hapo sina budi kumtaja Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye riwaya yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ilishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya East African Literature Bureau ya mwaka 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa, mpelelezi wa hadithi hiyo, na kiko chake wana mwendo wa taratibu unaomwachia msikilizaji nafasi ya kukisia. Mama hukisia kwa sauti. Huwa ananikatiza: "Mwanangu, rudia hapo, huyo mtu anasema uongo," nami hurudia, na mara nyingi huwa amepatia.

Riwaya ya Shafi Adam Shafi iitwayo Vuta N'kuvute, iliyotoka mwaka 1999, ilileta jambo jingine. Habari ya Yasmin, msichana aliyeozwa kwa mwanamume mwenye umri wa kuwa baba yake, ilimfanya Mama aweke sindano mapajani na kutusimulia mambo ya ujana wake ambayo hata mwanawe hakuwahi kuyasikia. Hatukusoma tena usiku ule. Sitayaandika aliyoyasema, kwa kuwa ni yake, ila nataka kusema kwamba yasingetoka kwa kuulizwa. Yalitoka kwa kuwa habari za mtu mwingine zilimfungulia njia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi na hakuna aliyekuwa akimkodolea macho.

Hapo ndipo ninapofika kwenye faida. Anayeingia kwetu na kuona blanketi au sweta linaloendelea kufumwa huuliza maswali mawili yaleyale: "Unauza bei gani?" na, akijibiwa kwamba haliuzwi, "Sasa mbona hufungui mradi?" Maswali hayo hayana ubaya, yanaulizwa na watu wema wanaotutakia riziki. Tumeishi miaka mingi tukihimizwa kwamba kila kipaji ni mtaji, na semina za ujasiriamali zimefika mpaka vijijini. Nami nawaheshimu sana wanaoishi kwa kazi hii. Masweta ya shule ya watoto wangu nayanunua kwa mafundi wa mjini wanaotumia mashine za kufumia, na mkono wangu hauwezi kushindana nao kwa kasi wala kwa bei. Kuna pia kina mama waliosomesha watoto kwa vitambaa vya makochi vya kufuma kwa krosheti, na kofia za viua za pwani, zinazodariziwa tundu kwa tundu kwa muda mrefu, zinastahili kila shilingi inayoombwa.

Lakini kazi ikishapata mnunuzi, mwenye kuamua si mfumaji tena. Mnunuzi huchagua rangi, hupanga siku, na ana haki ya kukasirika ikipita. Rafiki yangu mmoja alianza kupokea oda za soksi na kofia za watoto wachanga. Zilimletea fedha, nami nilifurahi kwa ajili yake, ila kitabu alichokuwa akikisoma kiliwekwa kando na hakijafunguliwa tena, na sasa anafuma akiangalia saa. Yeye alichagua hivyo kwa sababu alizokuwa nazo. Ninachokataa ni kuambiwa kwamba asiyechagua hivyo anachezea muda. Mwalimu aliyetoka kusahihisha madaftari ya madarasa mawili, muuguzi aliyemaliza zamu, mama aliyeshinda shambani wamekwisha kuzalisha kwa siku hiyo. Saa mbili zinazobaki kabla ya usingizi ni zao, na sioni kwa nini wadaiwe hesabu yake.

Mtu akinibana kwamba lazima nitaje faida, nitamwambia kwamba mimi hulala vizuri zaidi baada ya jioni ya namna hiyo kuliko baada ya kukodolea simu, kwamba binti yangu anasoma Kiswahili kwa sauti bila kujikwaa, na kwamba mume wangu amejua mambo ya mama yake. Hakuna hata moja kati ya hayo tulilolipanga.

Swali lenu lilimalizia kwa kuuliza tungemshauri nini anayetaka kuanza. Kwa uzi, nashauri donge la rangi nyepesi, kwa sababu vitanzi vya uzi mweusi havionekani usiku hata kwa mzoefu, na uzi wa unene wa wastani pamoja na sindano za milimita 4 au 5. Aanze na skafu ya aina moja ya kitanzi inayorudiwa pande zote mbili, ambayo hulala sawa. Akifuma kitanzi cha mbele upande mmoja na cha nyuma upande wa pili, kingo zitajikunja naye atadhani amekosea, kumbe ndiyo tabia ya mfumo huo. Kama madonge ni zaidi ya moja, alinganishe namba ya pipa la rangi iliyochapwa kwenye karatasi ya kila donge, maana nyekundu mbili zilizotoka kwenye mapipa tofauti hazifanani zikikaa pamoja.

Kwa riwaya, asianze na aliyolazimishwa shuleni, hata kama ni nzuri. Aazime, ikiwa fedha ni tatizo. Maktaba za mikoa zina riwaya za Kiswahili ambazo hakuna anayezigusa msimu wa mitihani ukishapita. Sisi kwa sasa tuko katikati ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi wake, Abdulrazak Gurnah, kupata Tuzo ya Nobel. Kijana Yusuf, aliyechukuliwa na tajiri kwa sababu ya deni la baba yake, ndiyo kwanza anaingia bara na msafara, na Mama anafuma shingo ya sweta la mjukuu wake, sehemu ambayo vitanzi vyake havitaki mazungumzo, kwa hiyo wiki hii nasoma polepole na yeye hanikatizi.