Naishi Aachen, nimepata kazi Maastricht, siku mbili nitafanyia nyumbani: nihesabu nini kabla ya kusaini?

Swali: Asalaam aleikum, dada. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mwaka wa saba huu naishi Aachen, Ujerumani, na mke wangu Mjerumani, ambaye ni mwalimu, na watoto wetu wawili. Kampuni moja ya Maastricht, Uholanzi, inanitaka kwa kazi ya uchambuzi wa data: siku tatu ofisini, siku mbili nyumbani. Nilipouliza habari za bima, kodi na kibali, nikajibiwa kwamba Ulaya ni moja, hakuna tatizo. Pasipoti yangu ni ya Kenya na nina kibali cha ukaazi wa kudumu cha Ujerumani. Ni kweli hakuna tatizo? Na hizi tafiti tunazozisikia za kuondoa vikwazo vya mipakani, zimemfaa nini mtu kama mimi?

Jibu: Waaleikum salaam, kaka. Usisaini bado. Kazi yenyewe unaweza kuipata na ukaifanya vizuri tu, ila huyo aliyekwambia Ulaya ni moja alikuwa anafikiria barabara. Barabara ni moja kweli. Basi namba 350 linatoka Aachen, linapita Vaals, linafika Maastricht, na abiria hata hajui amevuka saa ngapi. Wewe uliyezoea foleni ya Lunga Lunga na Horohoro utashangaa. Mpaka uliobaki Ulaya uko kwenye makaratasi, na wewe utauvuka mara nne: kibali, hifadhi ya jamii, kodi na mafao ya familia. Kila kimoja kina sheria yake.

Naanza na kibali, maana hicho kikikwama mengine yote hayana maana. Uhuru wa kufanya kazi popote katika Umoja wa Ulaya ni wa raia wa nchi wanachama. Kibali chako cha kudumu kinakuruhusu kuishi na kufanya kazi Ujerumani, basi. Watu wengi hudhani ndoa na Mjerumani inafungua mlango wa pili. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililijibu hilo tarehe 30 Machi 2006, katika kesi ya Mattern na Cikotic. Mume hakuwa raia wa nchi mwanachama, mke alikuwa raia wa Luxembourg, wakaishi Ubelgiji ambako mke alikuwa kwenye mafunzo ya kazi, na mume akataka kufanya kazi Luxembourg. Mahakama ikasema haki inayotokana na mwenzi ni ya soko la ajira la nchi ile anayofanyia kazi mwenzi, si la nchi jirani. Mkeo anafundisha Ujerumani. Kwa hiyo mwajiri wako wa Maastricht lazima akuombee kibali cha kazi cha Uholanzi, ambacho hutolewa na taasisi iitwayo UWV, na kitoke kabla hujaanza kazi, si baadaye. Akikuajiri bila hicho, faini ni yake na kazi unaikosa wewe.

Kuna njia nyingine, na mimi ningeiangalia kwanza. Mtu aliyeoana na Mjerumani anaweza kuomba uraia baada ya kuishi Ujerumani miaka 3, ndoa ikiwa na miaka 2. Tangu 27 Juni 2024 Ujerumani haimlazimishi mtu kuuacha uraia wake wa zamani, na Katiba ya Kenya ya 2010 inakuruhusu kubaki Mkenya. Ukipata pasipoti ya Ujerumani, sharti la kibali cha Kiholanzi linafutika lote. Wenzetu Watanzania hawana nafasi hiyo kwa wepisi huu, kwa kuwa sheria ya kwao haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili, na huwa inaniuma kumweleza mtu hivyo uso kwa uso.

Sasa hifadhi ya jamii. Hapa sheria imekaa sawa zaidi. Kanuni namba 883 ya mwaka 2004, inayotumika tangu Mei 2010, inasema mtu huchangia nchi moja tu kwa wakati mmoja, na kwa kawaida ni ile anayofanyia kazi. Kanuni namba 1231 ya 2010 ikatuingiza na sisi tusio raia wa Umoja, mradi tunakaa kihalali na maisha yetu ya kazi yanagusa zaidi ya nchi moja wanachama. Ugumu unakuja unapofanya kazi nchi mbili. Ukifanya asilimia 25 au zaidi ya kazi yako katika nchi unayoishi, unahamia mfumo wa nchi hiyo. Siku mbili kati ya tano ni asilimia 40. Maana yake kampuni ya Maastricht ingelazimika kujiandikisha Ujerumani na kukulipia michango ya Kijerumani kwa mshahara wote, hata wa zile siku tatu za Uholanzi. Waajiri wengi wakisikia hivyo huondoa ofa mezani.

Dawa yake ni makubaliano ya pamoja kuhusu kazi za mbali, yaliyoanza tarehe 1 Julai 2023. Ujerumani na Uholanzi zote zimeyasaini. Kazi ya nyumbani ikiwa chini ya asilimia 50, wewe na mwajiri mnaweza kuomba mbaki kwenye mfumo wa nchi ya mwajiri. Ombi linapelekwa Uholanzi, kwa taasisi ya hifadhi ya jamii iitwayo SVB, na likikubaliwa unapewa cheti cha A1, yaani karatasi inayothibitisha unachangia nchi gani, kinachodumu hadi miaka 3 na kuweza kuombwa upya. Angalia mambo mawili. Kwanza, hakiji chenyewe: bila ombi, ile kanuni ya asilimia 25 inabaki palepale, na ukichelewa, ombi linaweza kurudishwa nyuma miezi 3 tu. Pili, siku za nyumbani ziwe za kazi ya kompyuta iliyounganishwa na ofisi. Ukianza kuwatembelea wateja wa Köln kila wiki kwa niaba ya kampuni, umetoka nje ya makubaliano.

A1 ya Uholanzi ikishatoka, utakata bima ya msingi ya afya ya Kiholanzi. Kampuni ya bima itakupa fomu ya S1, utaipeleka kwenye mfuko wa bima wa Ujerumani, na utatibiwa nchi zote mbili. Watoto wabaki kwenye bima ya mama yao. Ukipoteza kazi kabisa, mafao ya ukosefu wa kazi yatalipwa na Ujerumani, nchi unayoishi, ingawa ulichangia Uholanzi. Wengi hupeleka ombi upande usio wake na kupoteza wiki nzima nzima. Kuhusu uzeeni, kila mwaka unaochangia Uholanzi unakujengea asilimia 2 ya pensheni ya msingi ya taifa, na kila nchi italipa sehemu yake ukifika umri wake wa kustaafu.

Ila kuna pahala ambapo kanuni hii nzuri inavuja, na nataka ulijue kabla halijakupata. Uholanzi, ukiugua, mwajiri hukulipa angalau asilimia 70 ya mshahara kwa wiki 104. Baada ya hapo, ukiwa umepoteza asilimia 35 au zaidi ya uwezo wa kupata kipato, unaingia kwenye mafao ya ulemavu. Ujerumani haiangalii kipato, inaangalia saa: ukiweza kufanya kazi yoyote saa 6 kwa siku, huna haki ya pensheni ya ulemavu. Mteja wangu mmoja, fundi, alifanya kazi miaka 11 Ujerumani na 9 Uholanzi, kisha mgongo ukamwangusha. Barua zote mbili zilikuwa mezani kwangu siku moja. Ya Uholanzi ilimkubali, ikamlipa sehemu ya miaka yake 9. Ya Ujerumani ilimkataa, kwa kuwa daktari aliandika anaweza kukaa ofisini saa 6. Mgongo ni uleule, na ile miaka 11 haikumpa kitu. Hakuna ofisi iliyokosea hesabu; kila moja ilifuata sheria yake barabara, naye akaanguka katikati. Wewe una kipindi cha Ujerumani nyuma yako, kwa hiyo tafuta bima binafsi ya ulemavu ungali na afya.

Kodi ndiyo sehemu nzito, kwani hapa hakuna kanuni ya Ulaya. Kuna mkataba wa nchi hizi mbili wa mwaka 2012, na unafuata mwili wako ulipo: siku za Maastricht zinatozwa Uholanzi, siku za mezani kwako Aachen zinatozwa Ujerumani. Itifaki waliyoisaini mwaka 2025, iliyokusudiwa kuanza 2026, inasamehe siku za nyumbani zisizozidi 34 kwa mwaka. Zako zitakuwa kama 88. Kwa hiyo mshahara wako utagawanywa: asilimia 60 huku, 40 kule.

Hebu tuifungue hati ya mshahara ya Kiholanzi tuone ndani. Mwaka 2025, katika daraja la kwanza, yaani hadi euro 38,441 kwa mwaka, kila euro 100 ilikatwa euro 35.82 kabla ya punguzo la kodi. Watu huita yote hayo kodi. Kodi humo ni euro 8.17 tu, zile 27.65 ni michango ya bima za taifa. Sasa chukua mshahara wa euro 38,000. Michango, kwa A1 ya Uholanzi, inakatwa kwenye pesa yote. Sehemu ya siku za nyumbani ni euro 15,200, ambayo Uholanzi ingeitoza kodi ya euro 1,242 hivi. Lakini inaitoza Ujerumani, kwa kiwango kinachotokana na mapato yako yote pamoja na ya mkeo, na kwa familia yenye mishahara miwili kiwango hicho kiko juu sana ya asilimia 8. Unalipa michango mizito ya nchi moja na kodi nzito ya nyingine. Isitoshe, Uholanzi hutoa punguzo kamili kwa mkaazi wa nje pale tu ambapo asilimia 90 ya mapato yake inatozwa kwao. Wewe uko 60.

Mshahara ukiwa mkubwa, tuseme euro 60,000 au zaidi, hesabu inaweza kugeuka: ile asilimia 40 inaponyoka kwenye daraja la pili la Kiholanzi, lililokuwa asilimia 37.48 mwaka 2025, na huenda ukabaki na zaidi. Ndiyo maana siwezi kukwambia kugawanya ni kuzuri au kubaya mpaka nione mishahara yenu miwili. Ninachojua ni kwamba siku 34 au pungufu ndizo zinazokupa karatasi safi: bima Uholanzi, kodi Uholanzi, punguzo lote. Siku moja kwa wiki inakuweka chini ya asilimia 25 ya hifadhi ya jamii bila ombi maalumu, lakini kodi inagawanyika palepale.

Mafao ya watoto ni rahisi. Mkeo anafanya kazi Ujerumani na watoto wanaishi huko, kwa hiyo Ujerumani inalipa kwanza, na Uholanzi huongeza tofauti tu kama fao lake ni kubwa zaidi. Mkeo akiacha kazi, zamu inageuka. Toa taarifa mwezi huohuo, usingoje barua ya kudai marejesho.

Na tafiti? Zimefaa, na nasema hivyo kama mtu anayezitumia. Mwaka 2017 Tume ya Ulaya ilitoa taarifa yake kuhusu maeneo ya mipaka ya ndani, ambayo ni asilimia 40 ya ardhi ya Umoja na makao ya watu wapatao milioni 150. Wachumi wa chuo cha Politecnico di Milano walikuwa wamekadiria hasara ya vikwazo vya kisheria na kiutawala, na hesabu ilionyesha kwamba kuondoa asilimia 20 tu ya vikwazo kungeongeza pato la maeneo hayo kwa asilimia 2 na kuleta ajira zaidi ya milioni moja. Kabla ya hapo, aliyelalamika alionekana mtu mwenye shida zake binafsi. Hapohapo Maastricht, chuo kikuu kina taasisi ya ITEM, iliyoanzishwa 2015, ambayo kila mwaka huchukua sheria mpya na kuuliza zitamfanya nini mtu wa mpakani. Chama cha maeneo ya mipaka ya Ulaya kinaendesha mradi wa b-solutions tangu 2018, unaopokea kesi halisi na kutafuta kifungu kinachokwamisha. Makubaliano ya 2023 yanayokuokoa wewe yalizaliwa baada ya korona kulazimisha kila mtu kukaa nyumbani na kila nchi kuona kanuni ya asilimia 25 imepitwa na wakati. Mei 2025 ikapitishwa kanuni ya BRIDGEforEU, inayoziruhusu nchi kuweka ofisi za kupokea malalamiko ya vikwazo vya mpakani. Inaziruhusu, haizilazimishi, na hapo ndipo ninapoilaumu.

Kodi imebaki kwa sababu Umoja hauwezi kuigusa bila nchi zote kukubaliana. Ndiyo maana asilimia 25, asilimia 50, siku 34 na asilimia 90 zinakutana kwenye meza yako ya jikoni bila kujuana, na wa kuzipatanisha ni wewe mwenye watoto na kazi ya kutwa. Hilo si haki, na nitaendelea kulisema kila nikialikwa kwenye vikao vya watafiti.

Wiki hii mwandikie mwajiri maswali matatu, akujibu kwa maandishi: ataomba kibali cha UWV lini, atasaini ombi la A1 kwa SVB, na ofisi yake ya mishahara inaweza kukata kodi ya nchi mbili? Kisha chukua rasimu ya mkataba, hati za mshahara za mkeo za miezi mitatu na kibali chako, uombe miadi kwenye Grenzinfopunkt ya Aachen-Eurode, yaani kituo cha ushauri kwa watu wa mpakani. Ushauri wao ni bure. Wakikupokea kwenye jengo la Eurode, kati ya Herzogenrath na Kerkrade, utaona mstari wa mpaka unapita ndani ya jengo lenyewe. Tarehe ya kuanza kazi isiandikwe kwenye mkataba mpaka kibali kitoke.