Dang'a: usisubiri kondo litoke
Kaka wa Muheza, umeuliza kama ndama asubiri kondo la nyuma litoke ndipo anyonye dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Asisubiri hata kidogo! Ndama huzaliwa bila kinga. Anaipata kwenye dang'a, na utumbo wake ukishatimiza siku moja hauipitishi tena. Wa kilo 30 apate lita 3 siku hiyo, nusu yake ndani ya masaa manne ya kwanza. (Kunyonya kwenyewe husaidia kondo kutoka.) Hawezi kusimama? Mkamulie kwenye chupa ya chuchu; usimmiminie mdomoni, dang'a itaingia mapafuni. Dang'a ikipoa, ipashe ndani ya maji ya vuguvugu. Ukiichemsha inaganda na kinga inaharibika. Kitovu kichovye ayodini mapema, hasa masika banda likiwa tope.