Nitajuaje kama mhandisi wangu amesajiliwa kweli?

SWALI: Mhariri, ninajenga nyumba ya ghorofa moja, na jirani ameniletea bwana anayesema kwamba ni mhandisi aliyesajiliwa, kwamba alifanya kazi Marekani kwa muda mrefu, na kwamba ana hataza (hati ya kulinda uvumbuzi) ya aina ya tofali alilolivumbua huko. Mwananchi wa kawaida anaweza kuyathibitisha hayo bila kumvunjia mtu heshima? – Msomaji, Kigamboni

JIBU: Ndugu msomaji, madai hayo matatu hayahakikiwi mahali pamoja, wala hayana uzito sawa kwa nyumba yako.

Lenye uzito ni usajili. Anayefanya kazi ya uhandisi Tanzania Bara anapaswa kuwamo katika daftari la Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1997. Mwombe namba yake, ambayo si siri, uulizie bodi, na ukishajibiwa tazama daraja, kwa kuwa mhandisi mhitimu, ambaye bado hufanya kazi chini ya usimamizi, na mhandisi mtaalamu hawana mamlaka sawa. Kama ndiye pia atakayejenga, ukandarasi una bodi yake na daftari lake.

Historia ya kazi haina daftari la umma, hapa wala Marekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi anayeondoka cheti cha utumishi. Basi mwenyewe akuonyeshe. Marekani leseni za wahandisi hutolewa na kila jimbo, na bodi nyingi za majimbo huruhusu yeyote kutafuta jina mtandaoni. Usipolikuta, usimwite mwongo upesi, maana wahandisi wengi wa viwandani kule hufanya kazi kihalali bila leseni hiyo.

Hataza ndiyo rahisi kuihakiki, na kwa maoni yangu ndiyo inayotumiwa zaidi kutishia wateja. Kumbukumbu za ofisi ya hataza ya Marekani zinasomwa bure mtandaoni, na unaweza kutafuta kwa jina la mvumbuzi. Angalia kwanza kama ulichokiona ni hataza iliyotolewa au ni ombi tu, kwa sababu maombi mengi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa, kabla ofisi haijaamua lolote. Namba ya ombi lililochapishwa huanza na mwaka. Kisha tazama mmiliki, ambaye mara nyingi ni kampuni iliyomwajiri mvumbuzi. Hata ikiwa yake, hataza ya Marekani haina nguvu Tanzania: ulinzi wa hapa hupatikana BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, au kupitia ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi kadhaa za Afrika lenye makao yake Harare. Tena hataza inathibitisha upya wa wazo, haithibitishi uimara wa tofali. Uimara hupimwa maabara, kwa kulibana tofali hadi livunjike.

Majina hufanana sana, kwa hiyo omba pia kitambulisho cha taifa ulinganishe jina lake kamili na lile la daftarini kabla ya kusaini mkataba.