Povu la mizizi sio kipimo cha dawa

Kaka uliyeuliza kama ile mizizi ya Kariakoo ikitoa povu ukichemsha ndo ina nguvu, hapana aisee. Povu mara nyingi ni saponini tu, yani kemikali za mimea zinazotoa povu. Zile za aina ya triterpeni upande mmoja una kaboni 30 na unapenda mafuta, upande wa pili sukari inapenda maji, yani sabuni kabisa. Shida ni kwamba zinang'ang'ania kolesteroli kwenye utando wa seli, zikiingia kwenye damu moja kwa moja zinapasua chembe nyekundu, ila ukinywa hazinyonywi sana. Ila msizidharau, chanjo ya malaria RTS,S iliyojaribiwa hadi hapo Bagamoyo ina saponini ya gome la mti wa Chile inaitwa QS-21, inaamsha kinga, mikrogramu 25 tu kwa dozi, sio sufuria zima 😂