Maswali ya Wasomaji: Arthur wa Bretagne aliporwa kiti na baba yake mdogo?

SWALI: Habari za kazi, naomba mtuamulie maana tumebishana na dada yangu mpaka usiku. Mi nasema mwaka 1199 Arthur ndo alitakiwa awe mfalme wa Uingereza, John akampora, dada anasema mtoto wa miaka 12 hawezi kumpita John, mdogo wa marehemu mfalme Richard. Nani yuko sahihi?

JIBU: Nzuri ndugu yetu. Mngekuwa Anjou wewe ungeshinda, mngekuwa Normandy dada yako angeshinda (yote ni majimbo ya Ufaransa yaliyokuwa chini ya mfalme wa Uingereza). Mfalme Richard alikufa kwa jeraha la mshale bila kuacha mtoto wa ndoa, wakabaki John, kitinda mimba, na Arthur, mtoto wa Geoffrey, ndugu yao aliyekuwa mkubwa kwa John ila alishafariki 1186, hata kabla Arthur hajazaliwa. Sasa mila ya Normandy ilimpa ndugu aliye hai, ila Anjou na jirani yake Maine wakasema mtoto anasimama pale baba yake angesimama, ndo maana mabwana wa huko wakamkubali dogo. Na Richard mwenyewe 1190 alishamtaja Arthur kuwa mrithi, kwahiyo hoja yako ina miguu kabisa.

Mimi kinachoniuma ni Philip, mfalme wa Ufaransa. Alimshika mkono huyu mtoto, halafu 1200 akapatana na John akamwacha kwenye mataa, 1202 akagombana na John basi akamkumbuka tena, akampa cheo cha askari farasi (knight), akamposea binti yake Marie, akampeleka vitani. Kijana wa miaka 15! Akaenda kumzingira bibi yake mzaa baba, Eleanor, kwenye ngome ya Mirebeau, John akasafiri usiku na mchana akamkamata Arthur tarehe 1 Agosti. Akafungwa Falaise kule Normandy, akahamishiwa Rouen, na 1203 akapotea moja kwa moja, kaburi lake halijulikani. Watawa wa Margam kule Wales waliandika kwamba John alimuua kwa mkono wake akiwa amelewa akamtupa mto Seine. Mwaka uliofuata John akaipoteza Normandy, Wabretoni, watu wa Bretagne kwao Arthur, wakiwa mstari wa mbele kuishambulia.

Ila mkibishana tena msimsahau dada yake Arthur, naye anaitwa Eleanor. John alimweka kizuizini na hakuruhusiwa kuolewa kwasababu mtoto wake angeweza kudai kiti, John akafa 1216, mwanae Henry akaendelea kumshikilia, mpaka anafariki 1241 alikuwa bado mfungwa.