Maswali na majibu: Kitabu cha picha kinapogeuka kelele katika kipindi cha muziki

Swali: Ninafundisha darasa la pili, wanafunzi 64, kipindi cha dakika 30. Nimejaribu kutumia kitabu cha picha chenye hadithi ya kobe na sungura. Nikisoma "kobe" kundi moja linatikisa kayamba, nikisoma "sungura" kundi jingine linagonga vifuu. Kufika ukurasa wa tatu ni kelele tupu, hadithi imepotea, na waliokaa nyuma wanalalamika hawaoni picha. Nakala ninayo moja tu. Nifanyeje? (Mwalimu, Morogoro)

Jibu: Mwalimu, tatizo si wingi wa wanafunzi. Ni mahali ulipoiweka sauti. Mtoto aliyeambiwa apige ala akisikia neno fulani hasikilizi tena hadithi, analivizia neno. Akilipata anapiga katikati ya sentensi, wewe unapaza sauti ili usikike, naye anazidisha. Isitoshe, neno linalotokea popote halina mapigo, kwa hiyo hapo hakuna muziki wa kufundisha.

Ihamishe sauti kutoka kwenye neno hadi mwisho wa ukurasa. Soma ukurasa mzima darasa likiwa kimya, nyamaza kidogo, kisha wote waimbe kibwagizo kimoja wakati ukurasa unageuzwa. Utaratibu huo wanao tayari: ukiwaambia "Hadithi, hadithi", hakuna atakayehitaji kufundishwa kuitikia "Hadithi njoo".

Kibwagizo ndicho somo lenyewe, kwa hiyo kiandae nyumbani. Mapigo manne yanatosha. Kwa hadithi yako ningeanza na "Kobe huyo, polepole": KO-be, HU-yo, PO-le, PO-le, silabi mbili kwa kila pigo. Angalia kwamba silabi yenye mkazo, ile ya pili kutoka mwisho wa neno, ndiyo inayoangukia pigo. Walimu wengi hukosea hapa, kisha wanashangaa kwa nini wimbo unakokota. Ukisema "Sungura huyo, mbio mbio" na kuiweka "su" kwenye pigo la kwanza, watoto watatamka SU-ngura, na kila neno linalofuata litapishana na mapigo. Iache "su" itangulie, pigo lianguke kwenye "ngu": su-NGU-ra, HU-yo, MBI-o, MBI-o. Mistari yote miwili sasa ina mapigo yaleyale manne, na tuni moja inaitosha, kwa majina ya noti ya sol-fa (doh, re, mi, fa, so, la, ti): so so, mi mi, so la, so mi. "Su" iimbe kwa so pia.

Doh, noti ya kwanza ya ngazi, iwe D, yaani so ni A iliyo juu ya C ya kati, na la ni B. Sauti za umri huu hukaa vizuri hapo. Ukiwa mwanamume, sauti yako itatoka oktava moja chini, na baadhi ya watoto wataifuata huko na kuanza kunguruma. Toa noti ya kwanza kwa filimbi au kinanda, au mpe mtoto mwenye sauti thabiti aanzishe.

Usikimbize mwendo kwa sababu sungura ametokea. Mwendo ni uleule; kinachobadilika ni mgawanyo wa pigo. Mapaja yanapigwa kila pigo, mara nne kwa mstari. Kayamba inaingia pigo la kwanza na la tatu tu, maana punje zake huendelea kuteleza baada ya mkono kusimama, na mtoto wa miaka saba au minane hawezi kuikata sauti yake ghafla. Vifuu vina sauti kavu na fupi, kwa hiyo vinafaa kugonga mara mbili kwa kila pigo, mara nane kwa mstari. Mpiga ngoma yeyote wa kijijini anazijua tabaka hizi bila kusoma popote. Ukitaka kufundisha kasi, panga kipindi kingine. Mambo mawili kwa pamoja yatawachanganya.

Ala zisiingie kipindi cha kwanza. Siku hiyo soma hadithi bila muziki wowote, dakika tano hivi, kisha fundisha kibwagizo kwa kuimba nao wakirudia, halafu ongeza mapaja. Mapaja ni bora kuliko makofi: watoto wakichangamka makofi huharakisha, na ukumbi wenye bati huyarudisha kwa mwangwi. Kipindi cha pili toa kayamba 4 na jozi 6 za vifuu, zikae sakafuni mpaka usome neno la mwisho la ukurasa. Wengine wote ni waimbaji. Badilisha wapigaji mkimaliza hadithi nzima, kamwe si katikati. Kama kayamba hazitoshi, chupa ya nusu lita yenye vijiko viwili vya mchele inafaa. Ukiijaza zaidi ya robo punje hazina pa kurukia na sauti inafifia. Kifuniko kifunge kwa utepe wa gundi, vinginevyo utaokota mchele hadi kengele ilie.

Kuhusu picha, usihangaike na kurasa zote. Chagua tano au sita zinazobeba hadithi, uzichore upya kwenye manila kwa kalamu nene, mchoro mmoja kwa karatasi, bila maandishi. Usizishike mwenyewe, maana mikono yako inahitajika kuongoza mapigo. Mweke mwanafunzi mmoja awe mgeuzaji, afunue picha mpya kwenye pigo la nne. Kazi hiyo hugombaniwa, na inafunza kuhesabu kuliko ala.

Siku nyingine ukichagua kitabu, tafuta chenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa, kurasa zisizozidi 16, na tukio linalojirudia angalau mara nne. Kitabu chenye maelezo marefu, hata kiwe kizuri namna gani, kisome kwenye kipindi cha Kiswahili. African Storybook, mradi wa vitabu vya hadithi za watoto, wana vitabu vya Kiswahili mtandaoni vyenye leseni huria. Unaruhusiwa kuvipakua na kuvichapa.

Wakishazoea, jaribu hili: fungua picha, waambie waimbe kibwagizo kimoyomoyo mara mbili, mapigo manane kimya bila kupiga chochote, kisha waingie kwa sauti mara ya tatu. Wakiingia pamoja, mapigo wanayo. Wakiingia kwa kutawanyika, rudisha mapaja kwa vipindi kadhaa na ala zibaki kabatini.