Nyaya za atomu juu ya silikoni: hakikisha sampuli kabla ya kudai fizikia

Kwa anayeanza kuchunguza elektroni zinazotembea kwenye mstari mmoja tu, tunashauri indiamu juu ya Si(111), yaani uso wa silikoni uliokatwa kwa mwelekeo wa fuwele uitwao (111). Dhahabu juu ya Ge(001), uso wa jemani, inavutia zaidi kwa jina, lakini tangu ilipotangazwa mwaka 2011 kuwa na tabia ya Luttinger, yaani elektroni kusogea kwa pamoja badala ya mojamoja, watafiti wamebishana hata juu ya jambo la msingi: je, elektroni zake zinafuata urefu wa nyaya au zinazikata? Hapo si mahali pa kujifunzia.

Indiamu hujipanga yenyewe. Kila waya una minyororo miwili ya zigizaga, na kutoka waya hadi waya ni nanomita 1.33. Muundo huo huitwa 4×1 (nambari hizi hueleza mpangilio wa atomu unajirudia kila baada ya hatua ngapi za fuwele ya chini), nao ni metali kwenye joto la kawaida. Ukipozwa chini ya Kelvini 120 hadi 130 hugeuka 8×2 na kuacha kupitisha umeme kama metali. Badiliko hilo liliripotiwa mwaka 1999 na ndilo kipimo chako kikubwa, kwa sababu sampuli chafu haigeuki vizuri.

Nunua silikoni ya Si(111) iliyokatwa kwa mshazari wa digrii 1 hadi 2 kuelekea [-1-12], alama ya mwelekeo ndani ya fuwele. Kwenye uso ulio bapa kabisa nyaya huota katika pande tatu zinazopishana kwa digrii 120, na ARPES, kipimo cha nishati na mwelekeo wa elektroni zinazotolewa na mwanga, itakupa mchanganyiko wa zote tatu. Usiguse sampuli kwa kibano cha chuma kisichoshika kutu. Nikeli kidogo tu inatosha kuharibu uso, na ikishaingia kwenye silikoni haitoki kwa kupasha moto. Tumia kibano cha kauri, na vishikizo vya tantalamu au molibdeni.

Ndani ya ombwe, iache sampuli kwenye 600°C usiku kucha hadi shinikizo lirudi kwenye 10⁻¹⁰ mbar. Kisha ipandishe ghafla hadi 1200–1250°C kwa sekunde chache, ukirudia mara kadhaa huku shinikizo likibaki chini ya 10⁻⁹ mbar. Likizidi hapo, zima na usubiri, maana kaboni hutengeneza chembe za silikoni kabaidi ambazo hushika ngazi za uso (vidaraja vya kimo cha atomu vinavyotokana na mshazari) na kuzipinda. Mkondo wa moja kwa moja wa kupashia moto upite sambamba na ngazi. Mkondo ukipanda au kushuka ngazi, huzisukuma zirundikane. Mwishoni shuka polepole kupitia 860–830°C ili 7×7, mpangilio wa uso wa silikoni safi, ijipange. Badiliko hilo la 7×7 linakusaidia pia kusahihisha pairomita, kipimajoto kinachosoma mwanga wa kitu cha moto, ambayo mara nyingi hukosea kwa makumi ya digrii. Chini ya 400°C silikoni hupitisha miale ya infraredi, kwa hiyo pairomita usiiamini hata kidogo. Chora mapema grafu ya nguvu ya umeme dhidi ya joto na uitumie hiyo.

Indiamu huwekwa sampuli ikiwa kwenye 400–450°C, kiasi cha tabaka moja, yaani atomu kama 7.8×10¹⁴ kwa kila sentimita mraba. Nambari ya kioo cha kwatzi, kinachopima kiasi cha indiamu inayotua, ni ya kukuongoza tu. Mwamuzi ni LEED, picha ya mpangilio wa uso inayopatikana kwa kuurushia elektroni za nishati ndogo. Ukiona √3×√3 au √31×√31, indiamu haijatosha, ongeza. Ukiona √7×√3, imezidi. Ipashe sampuli tena karibu na 400°C kwa muda mfupi. Ukiiacha juu ya 500°C indiamu itavukiza, na utarudi nyuma hadi √31. Sampuli nzuri kwenye joto la kawaida haina mistari ya ×2 (dalili ya mpangilio kurudufika) kwenye LEED, na mistari hiyo huanza kuonekana inapopozwa.

Hapo kwenye kupoza ndipo wengi hukwama. Kipimajoto kiko kwenye kishikizo, wakati sampuli inaweza kuwa na joto zaidi kwa Kelvini kadhaa au hata makumi. Tena uso baridi hunasa maji na gesi zilizobaki, kwa hiyo maliza vipimo ndani ya saa chache. Rekodi badiliko ukishuka na ukipanda, kwa sababu njia hizo mbili hazilingani.

Katika ARPES mikanda mitatu ya nishati za elektroni hukata kiwango cha Fermi, yaani mpaka wa nishati zilizojazwa na elektroni. Mmoja umejaa nusu na mstari wake wa Fermi ni karibu mnyoofu. Huo ndio unaofaa kuelezwa kwa Peierls, yaani nadharia kwamba mstari wa atomu hujipanga wawiliwawili na kuacha kuwa metali. Mikanda mingine ina mistari iliyopindapinda kwa kuwa minyororo inawasiliana, kwa hiyo usiseme "mwelekeo mmoja" kwa mikanda yote kwa pamoja.

Kuhusu Luttinger: elektroni kwenye waya mwembamba ni kama magari kwenye daraja la njia moja, likisimama moja yote yanasimama, na kwa nadharia idadi ya hali za nishati hupungua hadi sifuri kwenye Fermi. Tatizo ni kwamba upungufu kama huo huletwa pia na volti inayozaliwa na mwanga juu ya silikoni, na silikoni yenyewe kukosa wabeba chaji inapopozwa sana, au nyaya kukatwakatwa na kasoro. Punguza mwanga: spektra ikihama, tatizo ni volti. Tumia silikoni iliyotiwa uchafu mwingi wa makusudi. Pima urefu wa nyaya kwa STM, darubini inayoona atomu kwa ncha ya sindano, kati ya kasoro na kasoro. Halafu angalia kama kipeo kimoja, yaani nambari inayoonyesha upungufu huo unakwenda kwa kasi gani, kinaeleza data ya nishati na ya joto kwa pamoja. Vikitoka vipeo viwili tofauti, usiandike Luttinger kwenye kichwa cha makala.